Waraka wa wazi kwa TAMISEMI: siki, mahindi na mkataba wa saratani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Nakala: Wakurugenzi wa halmashauri zote 184.

YAH: OMBI LA MKATABA WA KINGA YA SARATANI

Mheshimiwa,

Najua barua za saratani hazina mazoea ya kufika mezani kwako. Kwa kawaida hupelekwa Wizara ya Afya, na nyingi huomba mashine ya mionzi, dawa, daktari bingwa au jengo jipya. Ni maombi ya haki, sina ugomvi nayo. Nakuandikia wewe kwa sababu zahanati ni zako, vituo vya afya ni vyako, hospitali za wilaya ni zako. Shule za msingi na sekondari ni zako pia. Masoko na minada inasimamiwa na halmashauri zako, na bwana shamba, bwana afya na mtendaji wa kijiji wote wako chini ya wakurugenzi wako. Ukizichukua saratani zinazoongoza kwa kutuua, ukauliza kila moja ingeweza kukatizwa njia mahali gani, mara nyingi utaangukia kwenye jengo lako au kwa mtumishi wako.

Makadirio ya Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, chombo cha Shirika la Afya Duniani, yanaonyesha kwamba Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na wanaokufa kwa mwaka huohuo ni zaidi ya 25,000. Nchi zenye uwezo nazo zina saratani, tena nyingi kuliko sisi, ila wagonjwa wao wengi wanapona. Wetu wengi hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa. Mtu wa Kasulu huvuka zaidi ya kilomita 1,000 kufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye lile jengo la Wajerumani la miaka ya 1890 linalotazama bahari. Kabla hajafika ameshapita kwa mganga wa kienyeji, duka la dawa, zahanati iliyompa dawa za U.T.I. mara kadhaa, na hospitali ya wilaya iliyompa karatasi ya rufaa. Mashamba yameuzwa njiani. Akifika, daktari anachoweza kumpa ni kupunguza maumivu.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuilika. Kwetu habari hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu saratani inayoongoza nchini, ya mlango wa kizazi, ni katika zile chache ambazo chanzo chake kinajulikana kwa jina, kina chanjo, na dalili zake za awali zinaonekana kwa macho miaka mingi kabla hazijawa saratani. Wanawake zaidi ya 10,000 huipata kila mwaka Tanzania, na zaidi ya 6,000 huzikwa. Hakuna ugonjwa mwingine mkubwa hivi tulio na silaha nyingi hivi dhidi yake, halafu tukashindwa. Kwa hiyo nitaanza hapo, na nitakaa hapo kwa muda.

Kinachosababisha ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili, ya 16 na ya 18, zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Wanawake wengi hupata virusi hivi na mwili huvifukuza wenyewe. Kwa wachache vinabaki, na kuanzia hapo hadi saratani ni safari ya miaka 10 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU safari ni fupi zaidi, na hatari yake ni kama mara 6 ya mwenzake. Muda wote huo hasikii maumivu, hatoki damu, hana sababu ya kwenda kumwona mtu. Damu inapoanza kutoka bila mpango, au baada ya tendo la ndoa, mara nyingi muda wa kazi rahisi umeshapita.

Kazi rahisi yenyewe ni hii. Muuguzi aliyefunzwa humlaza mama kitandani, huweka taa, huingiza kile kifaa cha kutanua uke, kisha hupaka mlango wa kizazi siki kwa pamba. Siki ya kawaida, yenye ukali wa asilimia 3 hadi 5. Anasubiri dakika moja. Palipo na chembe zilizoanza kubadilika pataota weupe mzito wenye mpaka unaoonekana. Pasipo na kitu patabaki na wekundu wake. Majibu ni papo hapo, hakuna maabara. Weupe ukionekana, na usipokuwa mkubwa sana, sehemu ile hugandishwa kwa gesi au huchomwa kwa kifaa cha joto kinachoshikwa mkononi. Kuchoma huchukua chini ya dakika moja. Mama anashuka kitandani, anavaa, anarudi nyumbani siku hiyohiyo, na saratani ambayo ingemuua akiwa na miaka 50 kwa kawaida haitakuja.

Mheshimiwa, hiyo si teknolojia ya kuagiza kwa mkopo. Tunayo nchini, wauguzi waliofunzwa wapo, mwongozo upo. Tunachokosa ni kuifanya iwe kazi ya kila siku. Tumeizoesha iwe shughuli ya mahema: Siku ya Wanawake, Nanenane, ziara ya kiongozi. Turubai linafungwa, spika zinapiga muziki, mgeni rasmi anahutubia, wanawake mia kadhaa wanapimwa, picha zinapigwa. Kesho yake turubai linafunguliwa na muuguzi anarudi kituoni kwake. Mama wa kijijini ambaye siku ile alikuwa shambani hana tarehe nyingine. Na aliyepimwa akakutwa na weupe, kama kifaa cha kutibu hakikuwepo pale hemani, ameandikiwa aende hospitali ya wilaya. Huko kunahitaji nauli, ruhusa ya mume na mtu wa kumwachia watoto. Wengi hawaendi, na hakuna anayewafuata. Kwa mtazamo wangu, kupima bila uwezo wa kutibu palepale ni kumpa mama hofu tu.

Halafu kuna chumba cha CTC, yaani kliniki ya tiba ya VVU. Katika vituo vyako wanawake wenye VVU huja kuchukua dawa kwa tarehe, kwa kadi, kwa miaka. Ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote, na ndio pekee ambao tayari wanajileta wenyewe. Kwa nini mama achukue dawa chumba namba 3 na asiingizwe chumba namba 4 apimwe? Pale panapofanyika hivyo ni kwa sababu ya mradi wa wafadhili au muuguzi mwenye moyo. Mradi una mwisho, na muuguzi atahamishwa.

Nakiri siki haitoshi kwa kila mtu. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, sehemu ya kuangaliwa inakuwa imerudi ndani na jicho haliifikii. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza kipimo cha virusi vyenyewe, ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe faragha, bila kulazwa kitandani mbele ya mtu. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali zako nyingi zinazo kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza kusoma kipimo hicho kwa katriji yake. Tuelekee huko. Lakini mtu asitumie habari ya kipimo bora kijacho kuwa sababu ya kuacha siki iliyopo leo.

Kuhusu chanjo, nchi imefanya vizuri kuliko wengi wanavyojua. Ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenea nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Aprili 2024 tukahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Dozi moja ni nafuu kubwa: hakuna tena kumtafuta binti aliyehama shule kabla ya dozi ya pili. Ila kampeni ina tabia ya kuchanja kundi kubwa kwa wiki moja na kuacha mlango wazi nyuma yake. Kila mwaka kuna wasichana wanaotimiza miaka 9, na hao hawana kampeni. Ofisi yako ndiyo yenye kalenda ya shule. Fungeni chanjo hii na darasa la nne, wiki ileile kila mwaka, ijulikane na mwalimu, mzazi na muuguzi kama unavyojulikana mtihani. Msichana asiyekuwa shuleni, na wapo, hasa kwa wafugaji na wavuvi wanaohamahama, atafutwe nyumbani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024, wanazijua kaya kuliko orodha yoyote ya wilayani.

Na uvumi ujibiwe. Kuna wazazi wanaoamini chanjo hii inafunga kizazi, kwamba ni uzazi wa mpango uliofichwa. Mzazi anayeuliza hivyo anampenda mwanawe, tusimdharau. Aitwe kwenye kikao cha wazazi mapema, si asubuhi ya sindano, na ajibiwe na muuguzi wa zahanati yake anayemfahamu, ambaye binti yake mwenyewe amechanjwa.

Sasa nikutoe hospitalini nikupeleke ghalani.

Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walianza kuugua ghafla: macho ya njano, matumbo kujaa, kutapika. Watu wapatao 20 walikufa, watoto wakiwamo. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu. Tukio lile lilishtua kwa sababu lilikuja kwa mkupuo. Sumukuvu kwa kawaida haiui hivyo. Huliwa kidogokidogo, kila siku, kwa miaka, na kazi yake kubwa inaifanyia kwenye ini. Mtu mwenye homa ya ini aina ya B akila sumukuvu, hatari ya saratani ya ini haijumlishwi, inazidishwa. Chanjo ya homa ya ini B watoto wetu wameanza kuipata tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini wazazi wao, na vijana wa miaka 30 kwenda juu, walizaliwa kabla yake. Kwao ulinzi uliobaki mkubwa uko kwenye chakula.

Sumu hii haionekani, haina harufu, na kupika ugali hakuiondoi. Inapunguzwa kabla ya chungu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu. Yakaushwe vya kutosha kabla ya kupukuchuliwa na kufungwa kwenye magunia. Yachambuliwe kwenye ungo: yaliyovunjika, yaliyosinyaa, yaliyobadilika rangi yatolewe, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye punje chache mbovu. Kila mama anajua kuchambua. Swali ni zinakokwenda zile chafu. Mwaka wa neema wanapewa kuku, au zinakuwa pombe. Mwaka wa njaa zinasagwa.

Hapa pana jambo ambalo wataalamu wako wa lishe na wa kilimo hawajakaa meza moja kulimaliza. Tunawahimiza akina mama wakoboe kidogo au wasikoboe kabisa, watumie dona, kwa sababu dona lina virutubisho. Ni kweli. Lakini kukoboa huondoa pia sehemu kubwa ya sumukuvu, kwa hiyo dona la mahindi mabovu ni baya kuliko sembe lake. Tunawaambia wamchanganyie mtoto uji wa unga wa lishe: mahindi, karanga, soya. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoongoza kwa kushika sumukuvu. Mtoto wa miezi 6 anaanza maisha kwa kijiko hicho. Sisemi ushauri ubadilishwe. Nasema ushauri wa dona na unga wa lishe usitolewe bila ushauri wa kukausha na kuchambua kuambatana nao, kliniki ileile, kinywa kilekile.

Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu sumukuvu kuzidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hiyo, na kwa siku chache nchi nzima ilizungumza sumukuvu: wabunge, wafanyabiashara, magazeti. Zuio lilipolegezwa, mazungumzo yakafa. Yaani mahindi ya kuuzwa nje yalitutia wasiwasi. Ya kuliwa Kondoa hayakututia. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao kwenye kila lori linalopita kizuizini. Sehemu ya ushuru huo inunue turubai, vipima unyevu na vipimo vya haraka kwa maghala na masoko makubwa ya nafaka.

Mengine nitayapitia kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa hayahitaji maelezo marefu.

Tumbaku. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18. Bwana afya anayefunga kibanda cha mama lishe kwa kukosa choo hupita mbele ya kioski kinachomuuzia sigara mojamoja mwanafunzi mwenye sare, naye hasemi neno. Najua halmashauri za Urambo na Kaliua zinaishi kwa ushuru wa tumbaku na sitarajii zijitoe mhanga kesho. Kusimamia sheria dukani hakuwapunguzii mkulima wala halmashauri hata senti.

Kichocho cha mkojo kikikaa miaka mingi bila tiba huharibu kibofu hadi saratani. Dawa hugawiwa shuleni. Zisikosekane, na shule ziwe na vyoo. Pombe kali ilipofungashwa kwenye viroba tuliizuia Machi 2017, na dola ilionyesha kuwa ikitaka inaweza. Chai na uji wa moto wa kubabua vinahusishwa na saratani ya koo la chakula, ambayo ukanda wetu wote wa mashariki mwa Afrika unaijua kwa uchungu. Wahudumu wa jamii waseme tu: subiri kipoe.

Na kofia. Mwanafunzi mwenye ualbino anayekaa paredi asubuhi, anayefagia uwanja, anayekimbia mchakamchaka bila kofia na kwa mikono mifupi kwa sababu sare ndivyo inavyotaka, anatayarishiwa saratani ya ngozi na shule yake. Mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa nchini, Moshi. Kofia pana na mikono mirefu ni waraka wa ukurasa mmoja kutoka ofisini kwako kwenda kwa walimu wakuu wote. Hauhitaji bajeti. Ungeweza kusainiwa wiki hii.

Wanaume wataniuliza mbona sijataja tezi dume. Ni kwa sababu haina chanjo, wala hakuna jambo moja ambalo mtu akiliacha tunaweza kumwahidi usalama. Mwenye miaka 50 na zaidi aende akazungumze na daktari, asione haya. Waraka huu ni wa zile ambazo kinga yake imeshajulikana na tunaikalia.

Mheshimiwa, sikuja na mawazo mageni. Ofisi yako ina mfano wake tayari, nao ni mkataba wa lishe. Kila halmashauri imeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba hiyo mbele ya Rais. Utekelezaji unapimwa kwa kadi alama: kijani, njano, nyekundu. Nimeona mkuu wa wilaya akijieleza kikaoni kwa sababu wilaya yake ina rangi nyekundu, na nakuhakikishia jasho lilimtoka. Kabla ya mkataba huo lishe ilikuwa kazi ya afisa mmoja mwenye dawati bovu. Leo mkurugenzi anaijua kwa takwimu.

Naomba mkataba kama huo wa kinga ya saratani, wenye vipimo vitatu tu ili usigeuke kitabu. Wasichana wangapi wa miaka 9 hadi 14 wamechanjwa. Wanawake wangapi wa miaka 30 hadi 49 wamepimwa mlango wa kizazi, na kati ya waliokutwa na weupe, wangapi wametibiwa. Maghala na masoko mangapi ya nafaka yamepimwa sumukuvu, na iliyozidi kiwango ilipelekwa wapi. Shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mwanamke wa umri huo ingetosha kuanzia. Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri, pale panapobandikwa mapato na matumizi, ili diwani asomewe na wapiga kura wake kabla hajasomewa na mkaguzi.

Kuna tahadhari moja, na naiandika kwa niaba ya wauguzi. Katika zahanati nyingi mtu mmoja ndiye anayezalisha, anayepima watoto uzito, anayechanja, anayefunga vidonda na anayejaza vitabu vya takwimu za afya (MTUHA) hadi usiku. Ukimwongezea kipimo na usimwongezee mwenzake, atakupa takwimu za mezani, na nyekundu yako itakuwa kijani bila mwanamke hata mmoja kupanda kitandani. Mkataba uende pamoja na kibali cha ajira, na ukaguzi uwe wa kumuuliza mama mwenyewe: ulipimwa lini, na nani?

Mwongozo wa maandalizi ya mipango na bajeti za halmashauri hutoka ofisini kwako kila mwaka, na kila mkurugenzi huusoma mstari kwa mstari kwa sababu asipoufuata bajeti yake inarudishwa. Naomba katika mwongozo ujao uwemo mstari mmoja unaotaja kinga ya saratani kwa jina na kiasi cha kutengwa. Nawe msomaji, bajeti ya kata yako hupita mikononi mwa diwani wako kabla haijafika Mtumba. Muulize zahanati yenu ina siki, ina kifaa cha kutibia, na ina mtu aliyefunzwa kuvitumia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlipa kodi, Morogoro